Toka Moja, Sauti Mbili

Mkalimani mvivu, mgeni mpumbavu. Nimeisema methali hiyo, na ninyi mmeinua vichwa kutoka kwenye simu zenu mkiuliza nimeitoa wapi, maana hamjawahi kuisikia. Vitabuni hamtaikuta. Ilizaliwa hapahapa Mpwapwa, katika ukumbi wa ushirika wetu wa kanisa, na mimi nilikuwepo ilipotamkwa. Nitawaeleza chanzo chake. Nitajitahidi kueleza kwa upole, ingawa nimeomba mara nyingi niondolewe hasira ya jambo hili na bado haijaondoka yote.

Palikuwa na banda la video karibu na soko, mali ya Mama Yoramu. Watu walikwenda kutazama filamu za nje, na kwa kuwa wengi hatujui lugha za huko, palikuwa na mtu wa kututafsiria. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, filamu ikienda, naye akisema kwa Kiswahili kila kinachosemwa ndani yake. Vijana humwita mtu huyo DJ. Wa kwetu alijiita DJ Tarumbeta. Alikuwa na sauti nzuri, hilo simnyimi. Kwa sauti hiyo aliweza kuwa mzee anayekohoa, akawa mtoto anayelia, akawa askari, yote kwa pumzi moja na bila kutikisa kofia yake.

Siku moja ikaletwa katuni ya Kijapani iitwayo Mji wa Lango Moja. Ndani yake vijana wanavaa miwani mikubwa inayofunika uso. Miili yao inabaki kitandani, wao wanajiona wameingia ndani ya mchezo, katika mji wenye mapanga na mazimwi. Mle mchezoni mtu hubadilika umbo. Kijana mfupi anaweza kuwa jitu. Kisha lango la mji linajifunga, na anayeshindwa kutoka haamki tena kitandani kwake. Msimu wa kwanza uliisha kijana mmoja, Kenjiro, akilizuia lango kwa mabega yake mpaka wenzake wote wakatoka, yeye akabaki ndani. Watu wazima walilia. DJ Tarumbeta aliutafsiri msimu ule vizuri, kwa sababu bado alikuwa na hofu ya kazi. Aliangalia kila kipande nyumbani kwake kabla ya kuja kukisema mbele za watu.

Aliyeipenda katuni ile kuliko wote ni Nyemo, binti aliyefundisha watoto wa shule ya Jumapili kanisani kwetu. Wazazi wake walikuwa wametangulia, naye hakuwa na mume wala mtoto. Darasa lile ndilo lililokuwa nyumba yake. Aliwafundisha watoto maana ya kujitoa kwa ajili ya wengine kwa kuwachorea lango la Kenjiro ubaoni, na watoto walielewa kuliko walivyoelewa mahubiri yetu.

Msimu wa pili ulipotoka, Nyemo aliutazama wote kwenye simu yake, akisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Kisha akawaalika wazazi wa watoto wake waende bandani kuutazama. Kwa DJ alikwenda mwenyewe, akamsihi auangalie kwanza, maana msimu huu ni wa kimyakimya na una mtego ndani yake. DJ akamcheka mbele za watu. Alimwambia kwamba yeye amewatafsiri Wachina, amewatafsiri Wakorea, itakuwaje leo afundishwe katuni na mtu wa kuimbisha watoto.

Basi sikilizeni alichokifanya.

Msimu wa pili unaanzia hospitalini. Mama Kenjiro, mwanamke mtu mzima asiyewahi kugusa mchezo wowote, amekaa kando ya kitanda cha mwanawe akimpangusa miguu. Halafu anaivaa miwani yeye mwenyewe, aingie mle ndani kumtafuta. Mchezo unamvua uzee wake na kumpa mwili wa shujaa, mwanamke mrefu mwenye vazi jeusi la chuma. Pale alipokuwa akiivaa miwani, DJ alikuwa amegeuka kuwatania waliokaa nyuma kwa sababu timu yao imefungwa. Aliporudisha macho kwenye televisheni akakuta shujaa wa kike, asijue katokea wapi. Akambatiza jina hapohapo: Malkia wa Fisi. Kila mama yule alipojikwaa, maana alikuwa akijifunza kutembea katika mwili mgeni, DJ alimpa sauti ya mlevi. Alipouliza njia, DJ alimfanya atukane. Banda lote likacheka.

Nilikuwa nimekaa katikati, nikaona kuna kitu hakijakaa sawa. Mdomo wa DJ unatukana, macho ya yule mwanamke yanaomba. Lakini Kijapani sikijui, na maandishi yale yalipita upesi kuliko kusoma kwangu.

Mwishoni yule shujaa akamfikia Kenjiro, ambaye kwa kukaa sana mle ndani alikuwa amesahau kwao. Akamshika mikono, akamwambia neno. DJ akapaza sauti kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, akasema, toka, toka mwanaharamu, mji huu si wako. Mara umbo la shujaa likayeyuka, akabaki yule mama wa hospitalini. Mtu mwaminifu angesema hapo, ndugu zangu, nimepotea, turudishe nyuma. DJ akaona bora aokoe jina lake. Akatangaza kwamba kumbe Malkia wa Fisi ni mama mzazi wa Kenjiro, ni mchawi, na ndiye aliyemfungia mwanawe mle mjini tangu mwanzo.

Watu wakatoka wakitema mate. Wakasema msimu wa kwanza ulikuwa dhahabu na wa pili ni takataka, kwamba Wajapani wameishiwa akili, kwamba katuni hizi zinawafundisha watoto kuwaona mama zao wachawi. Hata jua halijazama, soko zima lilikuwa na neno moja, waliotazama na wasiotazama. Mwanamke mmoja ambaye mguu wake haukuwahi kukanyaga bandani alinieleza mimi, niliyekuwa nimekaa mle ndani, jinsi ilivyo mbaya.

Jumapili iliyofuata likakaa baraza la wazee wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Chilongani, mtu mkali na mnyoofu, ambaye tangu ujana wake aliwatafsiri kwa Kigogo wahubiri wageni waliokuja kwetu. Mimi niliingia kwa niaba ya akina mama. Shauri lilikuwa Nyemo aachishwe darasa, kwa kuwa amewaalika wazazi kwenda kuona mama akimloga na kumtukana mwanawe.

Niliuliza ni nani kati yetu, mbali na mimi, aliyeitazama katuni yenyewe. Mmoja akajibu kwamba mtu hahitaji kuonja mzoga ili ajue umeoza, na wengine wakacheka. Mungu anisamehe, mpaka leo nikikumbuka kicheko kile huacha ninalolifanya nikasali kwanza. Walikuwa wanamwondolea mtu nyumba yake, na walikuwa wanacheka.

Nyemo akaitwa ndani. Hakulia. Aliulizwa kama anaitetea katuni ile. Akajibu kwamba haitetei yote. Sehemu za katikati zinavuta miguu, kuna samaki asemaye ambaye hana kazi yoyote, na waliopenda mapigano wana haki ya kununa kwa sababu mapanga ni machache mno.

"Lakini hicho mnachoihukumia hakimo," akasema. "Naomba wazee wangu tuitazame ile sehemu ya mwisho. DJ awepo, kipaza sauti kizimwe. Mkikikuta, darasa nitaliacha mwenyewe, hamtahitaji kunifukuza."

Mzee wa mzoga akanung'unika kwamba huko ni kulichezea baraza. Mwenyekiti akasema hatamfukuza mtu kwa habari ya kuambiwa na aliyeambiwa.

Mama Yoramu akaileta televisheni yake katika ukumbi wa ushirika mchana uleule. DJ Tarumbeta akaja, kofia kichwani na kipaza sauti mkononi. Akaambiwa kimoja akivue, kingine akizime.

Tukatazama. Nyemo akaiunganisha simu yake na televisheni, akaanzia kwanza hospitalini, pale ambapo DJ alikuwa amegeukia utani wake wa mpira. Tukaona mikono ya mama ikitetemeka inapoivaa miwani, kisha tukaona mikono ya shujaa ikitetemeka vilevile ndani ya chuma. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tukamwona akijikwaa, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipomfikia Kenjiro na kumshika, Nyemo akasoma maandishi, kwa sauti ya kawaida tu, wala hakuipamba.

"Toka, mwanangu. Toka, nimekuja kukupokea."

DJ akaruka kutoka kwenye benchi. "Sasa mimi nilisema nini? Si nilisema toka? Neno ni lilelile, wazee. Mnanionea bure."

Mzee Chilongani hakuondoa macho kwenye televisheni. "Wewe ulisema toka ya kufukuzia mbuzi," akasema. "Huyu anasema toka ya mkunga, mtoto akiwa njiani."

DJ akaketi tena.

"Uliitazama kabla ya kuja kuisema?" mzee akamuuliza.

"Mzee wangu, mimi kazi hii nina uzoefu nayo."

"Sijakuuliza uzoefu."

"Sikuitazama."

"Na ulipoona umekosea?"

"Banda lilikuwa limejaa, mzee. Ningeonekanaje?"

Mzee Chilongani akasimama. Alisema kwamba yeye amesimama kando ya wahubiri wageni tangu hajaota mvi, na kila mara, kabla ya ibada, humwendea mgeni na kumwomba amweleze atakachosema, kwa sababu pale mbele mgeni hana kinywa kingine isipokuwa chake yeye. Siku mkalimani akikosea, hakuna anayesema mkalimani hajui. Watu hurudi majumbani wakisema mgeni amekuja kutuletea upuuzi.

"Mama kaenda kumtoa mwanawe kifoni, wewe ukamfanya mchawi," akamwambia DJ. "Yeye ni picha, hawezi kuja hapa kujitetea." Kisha akatugeukia sisi wa barazani, na sauti yake ikazidi kuwa kali. "Na sisi tukamtafuta binti huyu ili alipe. Mkalimani mvivu, mgeni mpumbavu. Shauri limefungwa. Mwalimu, nenda darasani kwako."

Nyemo akafunga simu yake, akatushukuru kwa adabu ambayo hatukuistahili, akatoka.

DJ akaamriwa aitafsiri sehemu ile upya, bandani, mbele ya watu walewale. Nilikwenda kumsikiliza. Walewale hawakuja. Waliojaza banda kusikia matusi hawakupata nafasi ya kuja kusikia masahihisho. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake, na wapo walio hai mpaka leo ambao watawaapia kwamba msimu wa pili wa Mji wa Lango Moja ni takataka. Ukiwauliza kama wameutazama, watakujibu kwamba walisimuliwa.

Tulikuwa wachache kwenye mabenchi. DJ alikuja bila kofia. Alitafsiri polepole, bila vichekesho, akikohoa mahali ambapo hakuna mzee. Alipofika pale mama anapomshika mwanawe mikono, akakishusha kipaza sauti na kukiweka sakafuni, akalisema neno lile kwa mdomo wake mtupu, taratibu, kiasi kwamba wa nyuma walilazimika kuinama mbele ili wamsikie.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu watu wa ushirika wetu, wakisikia kitu cha mbali kikitukanwa, huuliza kwanza ni nani aliyekileta kwa mdomo wake. Mkalimani mvivu, mgeni mpumbavu.