Ukurasa wa Mwisho wa Daftari Jekundu

Wahenga hawakuona haya waliposema mficha uchi hazai. Walimaanisha kwamba anayesitiri shida yake kwa kuogopa kuchekwa hapati msaada wala faida. Fundi mmoja wa cherehani aliyasikia maneno hayo tangu utotoni, akadhani yanawahusu wengine.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na enzi za uhai wa mkewe kilikuwa na raha yake. Fundi alipima wateja, mke akaandika vipimo katika daftari lenye jalada jekundu. Kila mwanzo wa mwaka mke alimsimamisha mumewe mlangoni, akampitishia utepe kifuani na kiunoni, akaandika. Fundi alinung'unika kwamba mshonaji hashonewi. Mara ngapi mke alijitolea kumfundisha kusoma, naye akakataa katakata: mtu mzima afundishwe na mkewe, watu waseme nini?

Mke alipofariki, daftari lilibaki rafuni. Fundi akaanza kuhifadhi vipimo kwa nyuzi zenye mafundo, kila mteja na uzi wake. Akiletewa karatasi, alisema miwani ameisahau nyumbani. Siri hiyo aliilinda kama mboni ya jicho.

Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, mama mpole asiyekubali kushindwa, alipopita mtaani akitafuta chumba cha kuwafundishia watu wazima kusoma na kuandika. Fundi alimpa kibanda chake kila Alhamisi alasiri, tena bure, akashona na mifuko ya madaftari kwa vitambaa vilivyobaki. Mtaa mzima ukamsifu. Darasa likiendelea, yeye alijikunyata nyuma ya cherehani akishona nguo zisizo na haraka, masikio yote yako ubaoni. Alitamani mno kujiunga, lakini sifa zile zilimfunga mdomo.

Miezi ikapita. Alhamisi moja muuza mkaa, mama aliyeanza darasa hajui kuandika hata jina lake, alilichukua lile daftari jekundu ajipime kusoma. Alisoma majina ya majirani kwa sauti, uso umemchanua. Halafu akasita.

"Fundi, huku mwisho kuna ukurasa wako. Imeandikwa 'Mume wangu'. Nikusomee?"

Fundi alimpokonya daftari. Miaka saba ukurasa huo ulikaa rafuni, naye hakujua kama upo. Alipofika nyumbani aliufungua, akayagusa maandishi ya mkewe kwa kidole, yasimwambie neno. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimepenya paa la kibanda, na wino ulianza kufifia pembeni. Kusomewa na mtu mwingine hakutaka, kwani maneno hayo yalikuwa yake peke yake. Kusubiri nako kulikuwa kuyapoteza.

Alhamisi iliyofuata aliacha cherehani, akasimama mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, mimi sina miwani," alisema. "Sijawahi kuwa nayo."

"Najua," mwalimu akajibu. "Kaa hapo mbele."

Muuza mkaa alisema kumbe mwenye nyumba ndiye mgeni. Watu wakacheka, na Fundi akajikuta anacheka nao. Kicheko alichokiogopa maisha yake yote hakikudumu hata dakika moja.

Alisoma kwa bidii ya mchwa. Mwezi wa nane aliketi peke yake mlangoni, pale pale alipokuwa akisimamishwa zamani, akafuata mistari kwa kidole. Kifua arobaini, kiuno thelathini na nne. Mwaka uliofuata, kiuno thelathini na tatu, nimwangalie kwenye chakula. Hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa mkono uliochoka: "Mabega yameanza kushuka. Nikitangulia, nani atampima?"

Fundi alilia bila kujificha. Laiti angekubali kufundishwa, wangeusoma ukurasa huo wakiwa wawili, naye angemjibu akiwa hai. Alipotulia alichukua utepe, akajizungushia kiunoni, kisha akaandika chini ya maneno yale kwa herufi zilizopinda: "Thelathini na moja. Nimejipima, mke wangu." Jibu hilo lilichelewa miaka saba, maana kweli mficha uchi hazai.