Makofi ya Mwimbaji wa Besi

Kulikuwa na mwimbaji mmoja wa besi, wapendwa. Akishusha sauti, hata mabenchi ya nyuma yalikuwa yanaitika. Basi sauti ile ikaanza kukwaruza. Akanywa tangawizi, akalamba asali, akasema ni vumbi la kiangazi. Mkewe akachoka na habari za vumbi, akampeleka hospitali ya rufaa.

Daktari akamwambia, "Mzee, hii ni saratani ya koo. Lakini umewahi. Tutakutibu kwa mionzi, na wengi wanaokuja mapema hivi wanapona. Ila umalize matibabu yote. Usinikimbie katikati."

Akaanza. Koo likawaka moto, hata uji ukawa haupiti. Akavumilia. Alipofika katikati, asubuhi moja akafungua kinywa, sauti hii hapa! Mnadhani alikimbilia wapi? Kwa daktari? Thubutu! Alikimbilia kanisani, kwenye kipindi cha ushuhuda. "Bwana asifiwe! Nimepona!" Mnajua wenyewe ilivyokuwa. Vigelegele, makofi, kinanda kikalia, mchungaji akamkumbatia.

Jumatatu mkewe akamtolea shati la safari. "Baba Eliapenda, gari litatuacha."

"Siendi."

"Huendi vipi? Matibabu hayajaisha!"

"Mama, nimeshasema mbele ya watu kwamba nimepona. Nikionekana tena kwenye foleni ya mionzi, si watasema Mungu ameshindwa?"

"Mungu hana aibu na foleni. Mwenye aibu ni wewe!"

Hakwenda. Pasaka akaimba, watu wakalia kwa furaha. Kabla ya mavuno sauti ikakatika kabisa, na pumzi nayo ikawa ya kutafuta. Jumapili moja, kipindi cha ushuhuda kilipofika, akasimama mkewe.

"Mimi ushuhuda wangu ni huu. Mume wangu anaumwa. Alikuwa anaumwa hata siku ile mliyompigia makofi. Anawaogopa ninyi kuliko kaburi. Naombeni mumruhusu akatibiwe."

Mzee akainuka kutoka kwenye safu ya besi, akachukua koti lake, wakatoka pamoja.

Safari hii mionzi peke yake isingetosha tena. Wakampasua, wakaondoa pale sauti inapotokea. Yu hai, namshukuru Mungu. Anapumua kwa tundu shingoni, analima mahindi yake, anabeba wajukuu. Lakini besi ile haipo tena.

Naona mnatikisa vichwa, mnasubiri niseme mzee yule hakuwa na imani. Alikuwa nayo tele! Mimi nauliza hivi: besi ile aliimaliza nani? Saratani peke yake? Hebu tazameni viganja vyenu. Msiangaliane, tazameni viganja.

Ni sisi. Tunampenda mgonjwa akiwa kitandani, tumwombee. Tunampenda akishapona, tumshangilie. Huyu aliye katikati, aliyeungua koo na bado ana safari ya hospitali, hatujamwekea hata kiti. Ndiyo maana anadanganya ili tumpende. Mnashangaa?

Basi leo inatosha. Mwenye kliniki kesho asimame sasa hivi aseme, "Bado naumwa, bado natibiwa." Wa kumsindikiza atapatikana humu humu, na tutaenda naye mpaka daktari mwenyewe aseme imetosha.

Nani wa kwanza? ... Naam, mama wa kilemba cha bluu. Simama, mama yangu, usiogope.

Haya, wapendwa. Sasa pigeni makofi.