Ngiri, Hizo ni Pembe au ni Meno?

Paukwa!

Pakawa!

Aa, sijaridhika. Wewe pale nyuma unayetafuna karanga, meza kwanza. Na ninyi wazazi msijifanye mmewasindikiza watoto tu, hii inawahusu ninyi zaidi. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na Seneti yao wenyewe, palikuwa na bonde. Bonde lilikuwa na bwawa moja. Bwawa moja, vyama viwili. Katika Chama cha Pembe walikuwemo nyati, swala na pofu. Katika Chama cha Meno walikuwemo nyani, nungunungu na panya. Na aliyekalia kiti cha Seneti ndiye aliyepanga nani anywe maji lini.

Kiti hicho alikikalia Bwana Ngiri wa Chama cha Pembe, mume wa Mama Tifu. Mnamjua ngiri? Akikimbia, mkia juu wima, ti-ti-ti-ti! Akiingia shimoni, anaingia kinyumenyume, aone nani anakuja.

Mwaka ule mvua iligoma. Bwawa likapungua, likapungua, likabaki kama sinia. Wenye pembe wakanywa mpaka wakashiba. Wenye meno wakaramba tope. Jambo hilo likamuuma Ngiri. Alikuwa mtu wa kati kwelikweli, na moyo mzuri alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Akasimama mkutanoni akasema:

"Jamani, tuwekeane zamu. Asubuhi Pembe, jioni Meno. Basi."

Mzee Nyati, mwenyekiti wa chama, akapuliza pua. Fyuuu!

"Msaliti! Uchaguzi huu tiketi yetu huipati!"

Ngiri akarudi nyumbani, ti-ti-ti-ti, akaingia shimoni kinyumenyume, akalala na njaa. Kiti kilimkaa rohoni. Bila kiti, yeye ni nani?

Asubuhi, hodi, hodi! Nyani huyo, mwenyekiti wa Chama cha Meno.

"Ndugu Ngiri, njoo kwetu. Tiketi ipo."

"Nitakujaje? Mimi nina pembe."

"Pembe? Hebu fumbua kinywa. Hizo zinatokea wapi?"

"Mdomoni."

"Kitu kinachoota mdomoni kinaitwaje?"

Ngiri akawaza. Akajigusa. Akawaza tena.

"Jino," akasema.

"Umesema mwenyewe!"

Jioni ile Ngiri akapanda juu ya kichuguu mbele ya wenye meno. "Ndugu zangu, haya ni meno! Yamekuwa meno tangu nizaliwe! Mkinichagua, maji ya asubuhi yenu, ya jioni yenu!"

Vigelegele! Nyumbani, Mama Tifu akamtazama.

"Baba Tifu, jana zilikuwa pembe."

"Siasa, mke wangu."

"Na ile zamu?"

"Zamu baadaye. Kwanza kiti."

Mzee Nyati akasikia vile vigelegele. Akaona ngiri, kina mama na watoto wao, wote wanahamia upande wa pili. Akaja mwenyewe, kichwa chini.

"Bwana Ngiri, ya jana yamepita. Rudi nyumbani, tiketi yako hii hapa. Wewe ni mwenye pembe bwana! Ndovu je? Watu wote husema pembe za ndovu. Nani amewahi kusema meno ya ndovu?"

Ngiri akaona ni kweli. Akapokea tiketi. Ya Nyani hakuirudisha. Akawaendea wenye pembe akapanda kichuguu kilekile. "Hizi ni pembe! Maji ya asubuhi yenu, ya jioni yenu!"

"Baba Tifu," akasema Mama Tifu, "na ile zamu?"

"Kwanza kiti!"

Siku ya uchaguzi ikafika. Bondeni kura ilipigwa kwa mlolongo. Mgombea anasimama mbele, wanaomtaka wanapanga foleni nyuma yake. Msimamizi alikuwa Korongo, kwa sababu hana pembe, hana jino. Foleni aliipima kwa hatua zake ndefu.

Wenye pembe wakajipanga kulia. Wenye meno wakajipanga kushoto. Vumbi, kiu, jua kali. Korongo akatazama kulia, mbele hakuna mtu. Akatazama kushoto, mbele hakuna mtu.

"Mgombea wa Pembe ni nani?"

"Ngiri!"

"Wa Meno?"

"Ngiri!"

Mara ti-ti-ti-ti! Ngiri akakimbilia kulia. "Ng'o! Njoo huku!" wakapiga kelele wa kushoto. Ti-ti-ti-ti! Akakimbilia kushoto. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ulimi nje.

"Simama!" akasema Korongo. "Hivyo vilivyo mdomoni mwako ni nini? Jibu mara moja, niandike."

Ngiri akatazama huku. Akatazama kule. Jasho likamtoka.

"Hizi... haya... hizi meno... haya pembe..."

Mpo? Bonde zima lilianguka kwa kicheko. Hata panya walijishika mbavu. Mtu na mdomo wake, hajui aseme hizi au haya!

"Mchukueni, ni wenu!" wakasema wa kulia.

"Hatumtaki, ni wenu!" wakasema wa kushoto.

Basi Nyati akajitoma mbele ya foleni yake. Nyani naye akajitoma mbele ya yake. Korongo akapima. Kulia, hatua thelathini. Kushoto, hatua thelathini.

"Wizi! Wamenyoosha mikia!" akanguruma Nyati.

"Na ninyi mmetanguliza pembe!" akajibu Nyani.

Pima tena! Kunja mkia! Rudi nyuma! Wakapima mara tatu, wakagombana mara nne. Jua likawa utosini, na bwawa likazidi kukauka huku wanalitazama.

Ndipo Mama Tifu akatoka kwenye foleni. Akaenda akasimama katikati, peke yake.

"Mimi ninavyo hivi viwili mdomoni," akasema. "Viiteni mnavyotaka. Asubuhi Pembe, jioni Meno. Hilo ndilo neno langu jana, leo na kesho. Kulia sisogei, kushoto sisogei. Mwenye kiu aje."

Swala mmoja wa mwisho kulia akameza mate makavu, akaja. Nungunungu wa mwisho kushoto akaja. Wawili wakawa kumi, kumi wakawa ishirini. Korongo akapima: hatua hamsini na saba! Nyati akabaki na shemeji yake. Nyani akabaki na mkia wake.

Na jioni ileile panya walikunywa maji, si tope.

Je, Ngiri? Alikuja wa mwisho kabisa, kinyumenyume, aibu imemjaa.

"Mke wangu, nami nitakaa wapi?"

Mama Tifu akacheka mpaka machozi.

"Kwanza foleni, Baba Tifu. Na geuka, tukuone uso."

Mmesikia? Kuwa mtu wa kati si kosa. Kosa ni kurukaruka kulia na kushoto ukasema hapo ndipo katikati. Anayebadilisha jina la kilicho mdomoni mwake ili apate kiti, atakosa kiti na neno la kusema pia.

Hadithi yangu imeishia hapo, mkiani mwa foleni. Aliyekuwa akitafuna karanga, sasa agawe.