Redio Iliyofika Kimya

"Kamba ya nje haishiki cha ndani." Vijana walioisikia kwenye nasaha za harusi walimfuata Bi Nuru, aliyeitamka, wakataka kujua imetoka wapi. Akawaambia methali hii ilianza hivi.

Tabora palikuwa na fundi redio, Mrisho, mtu mpole asiye na maneno. Redio zake aliziunda kwa mkono, kuanzia sanduku la mbao hadi waya wa mwisho. Mkewe, Tausi, hakukosa chakula wala nguo. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Akimsimulia jambo, Mrisho huitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwenye kazi. Siku moja Tausi akaaga kwenda kuwasalimu wazazi wake Ujiji, asirudi.

Hapo Mrisho akajua nyumba inavyoweza kuwa kubwa. Alipika, akapakua sahani mbili, moja akaimimina tena chunguni. Alitamani kumwambia mkewe arudi, lakini maneno hayakumjia, akafanya alilolijua: akaunda redio nzuri kupita zote. Akaitia kwenye boksi, akalizungushia kamba ya katani, fundo juu ya fundo, likaenda na treni.

Kule Ujiji Tausi alihangaika kuzikata zile kamba. Alipoiinua redio, ndani kulichakacha kama kibuyu cha mbegu. Akaiwasha; kimya. Machozi yakamlengalenga, maana kwa kweli alikuwa amemkumbuka mumewe. Akairudisha kwa mkono wa msafiri mmoja, akamwagiza aseme kwamba redio imefika kimya kama aliyeituma.

Ujumbe ule ulimchoma Mrisho. Alipofungua, betri ilikuwa imetoka mahali pake, spika inaning'inia, waya zimeng'oka kwenye risasi iliyoziunga. Treni iliitikisa njia nzima, na kamba zote zile hazikushika hata waya mmoja. Akaanza upya. Spika akaikaza kwa skrubu, betri akaifunga mkanda, waya akazilaza na kuzibana kwa gundi, nafasi zilizobaki akazijaza sponji. Safari hii hakuituma. Alipanda nayo treni.

Alimkuta Tausi uani, anachambua dagaa na mama yake, Bi Asumini.

"Umeifunga vipi?" Tausi aliuliza bila kumtazama.

Mrisho akaeleza, waya baada ya waya. Alipomaliza hakunyamaza. Akasimulia habari ya sahani ya pili. Akasema yote aliyokuwa akisimuliwa aliyasikia, ila hakujua kwamba anayesikia hudaiwa jibu.

"Nina hamu nawe, Tausi. Sikujua neno hilo linavyosemwa."

"Hilo ndilo nililolingoja," Tausi akasema. "Si redio."

Bi Asumini akaacha dagaa. "Baba, mahari ulitoa, nyumba ukajenga, watu wakashuhudia. Zote hizo ni kamba. Kamba ya nje haishiki cha ndani."

Tausi hakuondoka naye siku ile; alitaka aone kama maneno yale yatadumu. Mrisho akawa anakuja, anazungumza, anarudi peke yake, na behewani hamu humzidi kuliko alipokuja. Mvua zilipoanza, Tausi akafunga mzigo wake, akarudi naye. Waliosafiri nao walisema redio ilipakatwa mapajani mwa Tausi, nzima, lakini kwa maongezi yao hadi Tabora hakuna aliyekumbuka kuiwasha.

Bi Nuru akawatazama wale vijana. Akairudia methali: Kamba ya nje haishiki cha ndani.