Mwezi wa Tatu Hula Mafuta ya Kurudi

Mwezi wa tatu hula mafuta ya kurudi. Madereva wa Makambako na Njombe huisema methali hii kila wanapoombwa wapitie kijiji kimoja zaidi, na wengi wanaoisikia hudhani inazungumzia mwezi wa Machi. Hata vijana waliokuwa wakipakia viazi kwa Mzee Fidelis Sanga walidhani hivyo. Dereva alikuwa amekataa kuongeza safari, akaitamka methali hiyo, akaendelea kufunga turubai lake. Vijana wakamgeukia mzee, wakamwuliza Machi imeingiaje hapo. Mzee Fidelis, ambaye naye aliendesha malori ya mbao mpaka magoti yalipomkatalia, akakaa juu ya gunia na kuwaambia kuwa mwezi huo si wa kalenda. Ni wa angani, tena si huu wetu. Alimfahamu aliyeufikia. Kisa chenyewe kilikuwa hivi.

Palikuwa na dereva mmoja aliyeitwa Gaudensi Mgaya. Kwa miaka thelathini na mmoja alisafirisha mbao za misonobari kwenda Dar es Salaam, na katika miaka yote hiyo hakulala njiani hata siku moja kwa kuishiwa mafuta. Kabla ya kuwasha gari aliyagawa mafuta kichwani mwake: haya ya kwenda, haya ya kurudi. Ya kurudi hakuyagusa, hata mzigo uwe mzito namna gani. Wenzake walimcheka, lakini gari la mmoja wao lilipozimika katikati ya pori, Gaudensi ndiye waliyemngoja apite.

Mkewe, Sikudhani, alikuwa fundi wa kufuma masweta. Mungu aliwajalia watoto wawili, Skolastika aliyeolewa Songea, na Nolasko, kitinda mimba wao, aliyekuwa akisomea ufundi wa mitambo katika chuo kimoja huko Mbeya. Nolasko alishikwa na homa siku ya Ijumaa, na Jumatano akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Walimzika nyuma ya nyumba, kando ya shamba la viazi, na mvua ya siku ile haikukatika mpaka watu walipotawanyika.

Chuo kikawaletea vitu vyake: godoro, sanduku la nguo, daftari kadhaa, na kompyuta kuukuu aliyokuwa ameiunga mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza. Sikudhani akaifunika kompyuta kwa blanketi, akaiweka mezani katika chumba cha marehemu. Kwa miezi minne hakuna aliyeigusa. Gaudensi, ambaye alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia, alipita mbele ya mlango ule kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya mdai wake.

Jumapili moja akaja Odilo, kijana aliyekuwa akilala chumba kimoja na Nolasko chuoni, na ambaye sasa alikuwa amepata kazi Makambako. Baada ya salamu na pole, aliomba ruhusa ya kuiwasha ile kompyuta, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na kitu ambacho aliona wazazi wana haki ya kukijua.

Kilikuwa ni mchezo wa kurusha vyombo vya anga. Odilo aliwaeleza kuwa katika mchezo ule hakuna anayepigana na mtu. Unaunda chombo kipande kwa kipande, unakirusha, kisha unakiongoza kwa hesabu, na ukikosea hesabu kinaanguka. Nolasko alikuwa amehangaika mwaka mzima na chombo kimoja. Wengine waliunda vyombo vya kutumika mara moja na kutupwa. Yeye alitaka chombo kisichotupwa hata kipande. Chombo mama kilizunguka juu, na chini yake kilining'inia chombo kidogo cha kutulia, chenye kigari cha magurudumu sita ndani. Kikifika kwenye mwezi, kile kidogo kilishuka, kikateremsha kigari, kigari kikazunguka kuokota mawe, kikarudi na kupanda kwa magurudumu yake chenyewe. Kisha vyote vikapaa, vikaungana na chombo mama, vikajazwa mafuta, safari ikaendelea hadi mwezi mwingine. Sayari aliyoiendea ilikuwa na miezi mitatu.

"Ndani yake kuna watu wawili," Odilo alisema huku akionesha vichwa viwili vidogo kwenye kona ya kioo cha kompyuta. "Unaweza kuwapa majina. Huyu alimwita Odilo. Na huyu ni Nolasko."

Sikudhani aliyasoma maandishi yale, akasogeza kiti, akakaa.

Chombo kilikuwa kimemaliza mwezi wa kwanza na kilikuwa njiani kwenda wa pili. Nolasko alikiacha hapo Alhamisi, siku moja kabla ya homa. Katika daftari lake walikuta mchoro mzima wa safari: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, nyumbani. Pembeni alikuwa amechora tangi dogo na kuandika kwa herufi kubwa, HILI NI LA KURUDI, LISIGUSWE. Gaudensi alipousoma mstari ule alitoka nje, akasimama kwa kitambo karibu na shamba la viazi. Kumbe yale aliyokuwa akisema kuhusu mafuta, aliyodhani mtoto hakuyasikia, kule kwenye kiti cha abiria cha lori wakati wa likizo, yalikuwa yamemwingia yote.

Mwishoni mwa mchoro palikuwa na mwezi wa tatu, mdogo, umechorwa kwa penseli, na mbele yake alama ya kuuliza.

Aliyesema neno la kurudi kwanza alikuwa Sikudhani. Aliuliza kama chombo kile kinaweza kurudishwa. Odilo akasema kinaweza, ila yeye ana kazi, labda mzee ajifunze. Gaudensi hakuwahi kushika kompyuta maishani mwake, lakini alikubali kabla kijana hajamaliza sentensi. Odilo akashauri kwanza watengeneze nakala ya safari ile, ili wakiharibu waanzie palepale. Gaudensi akakataa.

"Mwanangu hakuwa na nakala," alisema. "Kitakachorudi kiwe kilekile alichokiacha."

Alijifunza miezi mitatu, kwa vyombo vingine vya kujaribia alivyoundiwa na Odilo. Aliviangusha vingi, na vigari alivipindua mpaka akakoma kuhesabu. Kilichomsumbua kuliko vyote ni kwamba kule angani hakuna breki: ukitaka kupunguza mwendo nako unachoma mafuta, kama vile kuteremka mlima kunagharimu sawa na kuupanda. Lakini dereva ni dereva. Taratibu mikono ikazoea. Sikudhani alileta ufumaji wake chumbani, akakaa nyuma ya mumewe na nyuzi zake, na nyumba ambayo ilikuwa kimya tangu mazishi ikaanza tena kusikika watu wakiulizana mambo.

Mwezi wa pili walitua saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Odilo akielekeza kwa simu. Kigari kilishuka bila kuyumba. Gaudensi akakiendesha juu ya uwanda wa mawe ya kijivu, akaokota alichopaswa kuokota, akakirudisha, chombo kikapaa na kuungana na mama yake. Sikudhani aliweka sweta magotini. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Gaudensi alimwona mkewe akitabasamu.

"Sasa wanarudi," mama alisema.

Kwenye kioo, nyuma ya sayari, mwezi wa tatu ulikuwa ukichomoza, wenye rangi ya majani ya mahindi yaliyokauka. Ulionekana karibu mno. Gaudensi akalivuta daftari, akaweka kidole kwenye ile alama.

"Alitaka kufika na huku, Mama Nolasko."

"Aliuliza tu. Alama ya kuuliza si jibu la ndiyo."

"Tangi la kurudi limejaa. Nikichukua robo tu, nikabana matumizi njiani..."

"Baba Nolasko, mrudishe mtoto."

Akasema sawa. Na wakati anasema sawa, alimaanisha.

Lakini Alhamisi Sikudhani alikwenda kwenye sala za jumuiya, naye akabaki peke yake chumbani. Mzee Fidelis aliwaambia vijana kuwa jambo hili Gaudensi alimsimulia mwenyewe, bila kujitetea. Hakutafuta sifa, wala hakumdharau mkewe. Aliwaza tu kwamba chombo kikishafika nyumbani, basi. Hakutakuwa na kazi nyingine ya mtoto iliyobaki ya kufanya. Kompyuta itafunikwa tena blanketi. Mwezi wa tatu ulikuwa ni majuma mengine mawili ya kuwa na Nolasko. Akafungua bomba la tangi dogo.

Robo ile iliishia njiani. Alipoufikia mwezi wenyewe akaona ni mkubwa kuliko alivyodhani, nao unavuta kwa nguvu kuliko ile miwili. Akachukua robo ya pili ili kujaza chombo cha kutulia. Wakati wa kushuka kasi ikazidi, na hapo hapakuwa na nafasi ya kufikiri, akachoma yote yaliyokuwamo, chombo kikagusa ardhi kwa upole kabisa. Akakiteremsha kigari. Kwa dakika chache aliendesha juu ya mchanga wa manjano ambao mwanawe aliuchora kwa penseli tu, na alama za magurudumu zikabaki nyuma yake moja kwa moja, nzuri, na alikuwa na furaha. Kisha akatazama kipimo cha mafuta.

Alijaribu kupaa. Chombo kilinyanyuka kama urefu wa mnazi mmoja hivi, kikasita, kikarudi chini, mguu mmoja ukapinda. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Juu kabisa, chombo mama kilipita na tangi ambalo sasa halikutosha kurudisha hata chenyewe. Na mchezo ulikuwa umejihifadhi wenyewe alipotua, ukaifuta hali ya awali. Hapakuwa na pengine pa kuanzia.

Sikudhani aliporudi alimkuta ameketi vilevile, mikono juu ya meza. Akauliza wamefika wapi. Gaudensi akamwambia yote, kuanzia bomba hadi mguu uliopinda, bila kugeuza kichwa.

"Miaka thelathini na mmoja," mama alisema, "hukulala njiani hata siku moja."

"Nilitaka nimfikishe alikotaka."

"Alikotaka ni nyumbani. Aliandika. Ulisoma kwa macho yako."

Akaenda jikoni. Gaudensi alisikia sufuria ikitengwa motoni.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko siku ile. Gaudensi alitaka kumwokoa Nolasko yule wa ndani ya chombo. Aliunda chombo cha kupeleka mafuta, kikaanguka. Akaunda kingine, kikapotelea gizani. Odilo akamsaidia kuunda cha tatu, nacho kikapitiliza. Akaacha kunyoa ndevu. Shamba la viazi likaota majani. Jumuiya hakwenda, kanisani hakwenda. Skolastika alipiga simu kutoka Songea, akaambiwa baba yuko chumbani. Akapiga juma lililofuata, akaambiwa vilevile. Mvua za masika zilipoanza alikuwa amekonda hata shati la kazini lilimwelea kama la mtu mwingine, na bado alikaa mbele ya kioo kile akimtazama mtoto wake ambaye alimfikisha mbali na kushindwa kumrudisha.

Asubuhi moja Sikudhani aliingia, akavuta kile kiti chake cha zamani, akakaa ubavuni mwa mumewe badala ya nyuma. Walikitazama pamoja kile chombo kilichoinama juu ya mchanga wa manjano, na kigari pembeni yake. Mama hakuwa na hasira tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia.

"Baba Nolasko, mwezi wa tatu umekula mafuta ya kurudi. Yameshaliwa. Usiuache ule na ya kwako."

Gaudensi akasema hawezi kumwacha pale.

"Mtoto yuko nyuma ya nyumba. Tulimzika sisi wenyewe, wewe ulishika jembe. Huyu tumemsumbua vya kutosha, mwache apumzike." Akamgeukia. "Lakini wewe bado uko njiani, na mimi ndiye niliye nyumbani. Sijafa, Baba Nolasko. Nakungoja."

Mzee Fidelis alisema Gaudensi alilia siku ile, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Kisha akanyanyuka. Hakuizima kompyuta yeye, mkewe ndiye aliyeizima. Walitoka wakaenda kupalilia viazi, mistari miwili tu, maana mikono yake haikuwa na nguvu, na mchana wakampigia Skolastika. Hakupona siku ile. Hakupona mwaka ule. Lakini alirudi mezani kwake na kwa mkewe, akiwa amebakiwa na kidogo, na kile kidogo ndicho walichoishi nacho mpaka uzeeni.

Baadaye, wenzake wa barabarani walipomwomba ushauri, mmoja akitaka kuongeza safari moja akiwa amechoka, mwingine akitaka kuendeleza ugomvi na nduguye ingawa walikwisha kupatana, Gaudensi aliwajibu kwa maneno ya mkewe. Wakayachukua, wakayabeba barabarani, na barabara ikayafikisha kila mahali.

Vijana walikuwa wameacha kupakia. Mmoja wao aliuliza kama kile chombo kilirudi. Mzee Fidelis akasema hapana, hakikurudi. Kiliko ndiko kiliko mpaka leo, na watu wawili ndani yake. Ndiyo maana mtu akishatenga kitu cha kumrudisha kwake, kiwe mafuta, kiwe nguvu, kiwe moyo, wenye busara humkumbusha asikiguse, hata kinachomwita kiwe kizuri na karibu namna gani, hata akiitwa na mapenzi yenyewe. Mwezi wa tatu hula mafuta ya kurudi.