Vibati vya Mwinyikondo

Hapo zamani, Wazungu walipopigana wao kwa wao hata sarafu zikaadimika mjini kwetu, Mwinyikondo muuza vyombo alikata makopo, akayagonga muhuri wake, akawapa wateja vibati badala ya chenji. Kibati kikanunua samli, kikanunua sufuria, hata ngoma ikalipiwa kwa kibati. Vita vikaisha, sarafu zikarudi, lakini vibati watu wakagoma kuvirudisha. Wamevivaa shingoni!

Mwinyikondo akaogopa kughushiwa. Akamwita Kigwaza, mpiga mbiu. "Tangaza, atakayevikusanya vyote nitampa mbuzi."

Kigwaza, jamani, mdomo wake hauna kufuli. Akatangaza: "Mbuzi! Mbuzi mnono!"

Shomari akaruka. Mzee Mbaruku, baba wa mchumba wake, alikataa harusi bila mbuzi, na Mwanaidi mwenyewe keshachoka kungoja. Shomari akazunguka nyumba kwa nyumba. Huyu kamlimia, yule kambebea maji, mwingine kambembelezea mtoto mpaka akalala. Kikabaki kimoja, nacho Kigwaza alikitia shavuni, akapiga mbiu, akakimeza. Shomari akamlisha mapapai, akamfuata kila alikokwenda. Akakipata. Msiniulize.

Akavipeleka vyote dukani. Mwinyikondo akamkabidhi mbuzi ya kukunia nazi.

"Nini hiki?"

"Mbuzi. Mimi nauza vyombo. Lini umeona zizi hapa?"

"Kigwaza alisema mnono!"

Kigwaza, aliyekuwa kasimama mlangoni, akajibu, "Mbiu bila chumvi nani ataisikiliza? Nilinogesha tu. Tena tumbo bado laniuma kwa mapapai yako!"

Shomari, kwa hasira, akaibeba mbuzi yake mpaka kwa Mzee Mbaruku. "Baba, ulitaka mbuzi. Hii hapa."

"Mwanangu, wageni niwachinjie kibao?"

"Hukusema anayelia."

Mwanaidi akaangua kilio. "Baba, ipokee! Naolewa mimi, haiolewi pilau!"

"Bila mee hakuna harusi," akasema mzee, akafunga mlango.

Haya, nyinyi wajuaji, semeni. Mwinyikondo alitamka neno lenye maana mbili akanyamaza. Kigwaza akatia chumvi isiyo yake. Mzee naye alitaja mbuzi asifafanue, na leo anakuwa mkali. Shomari wa watu kahangaika, na msichana yuko ndani analia. Mnyama lazima apatikane. Je, nani anastahili kumtoa?