Kupigia Maiti Makofi

Mtu mmoja wa Unyaturu alikuwa na wana wawili na darubini moja. Jina lake Ntandu, fundi wa redio, mgane aliyezeeka. Kila jua lilipokwisha kutua alipanda jiwe kubwa lililokuwa katikati ya shamba lake la alizeti, akatazama satelaiti zikipita; maana kule juu jua huwa bado linawaka wakati huku chini giza limeshaingia, nazo zikimulikwa huonekana kama nyota zinazotembea.

Nyingine zilipita taratibu, kwa mwanga mmoja tangu upande huu wa mbingu hadi ule. Nyingine zilimeta ghafla kuliko nyota zote, zikazimika, zikameta tena. Ntandu alipima kwa saa muda kati ya mmeto na mmeto, akawapelekea habari kwa simu wenzake wa nchi za mbali, waliopenda kazi hiyo hiyo isiyo na mshahara. Kwao alijifunza jambo moja. Ile inayokwenda kwa mwanga mmoja ni nzima, walioirusha bado wanaiongoza. Ile inayometameta imekufa; haina mwenyewe, inabingirika hovyo, na kila ubavu wake unapoligeukia jua ndipo inapometa. Majirani walikuja jiweni kutazama, wakashangilia zile za kumetameta. Ntandu aliwacheka kwa upole, akawaambia wanampigia maiti makofi.

Gwao, mwanawe wa kwanza, hakupanda jiweni mara nyingi. Alikuwa na ng'ombe wa kurudisha zizini, na palizi, na maji ya kuteka mbali. Ndiye aliyemshika baba yake mkono kumteremsha gizani, magoti yalipoanza kulegea. Ntandu hakupata kumshukuru. Nani anaushukuru mlango kwa kufunguka?

Mughenyi, wa pili, aliishi mijini. Mwaka mmoja alikuja na gari la kuazima, akisema ana machimbo. Mwaka mwingine alikuja akiwa mchungaji wa kanisa lake mwenyewe. Kisha alipotea, simu haipatikani, hata watu wakaanza kunong'ona kwamba amezikwa ugenini. Alipotokea tena baba yake alichinja, na kwa wiki nzima hakuwa na habari nyingine mdomoni ila Mughenyi.

Ndipo Mughenyi akaja kutaka shamba. Alisema atajenga hapo kiwanda cha kukamua mafuta, na langoni litaandikwa jina la baba yake kwa rangi nyekundu. Ntandu aliwaita wazee wa ukoo, akatamka mbele yao kwamba shamba lote ni la Mughenyi, na Gwao atapewa kazi na mdogo wake. Wazee walimgeukia Gwao. Alisimama, udongo wa shamba ungali miguuni, akasema bila kupandisha sauti:

"Baba, watu wote hapa umewafundisha kuitambua iliyokufa. Wewe nani atakufundisha?"

Wazee walitazamana, hawakuona satelaiti zinahusianaje na shamba. Ntandu alijua. Alilielewa neno lile papo hapo, na hapo ndipo lilipo kosa lake. Lakini Mughenyi alikuwa ameketi ubavuni pake, amemwekea mkono begani, na mkono ule alikuwa ameungoja miaka mingi. Ntandu akamwambia Gwao kwamba wivu ni dhambi, na aketi. Gwao hakuketi.

Kabla ya mvua kunyesha, Gwao alihamia kwa wakwe zake upande wa Manyoni, yeye na mkewe na mbuzi wao. Mughenyi aliliuza shamba kwa mfanyabiashara wa kokoto, akaondoka, na simu yake ikazimika. Yule mnunuzi alileta baruti na watu wa nyundo, akalipasua lile jiwe, likaenda kujengea nyumba za wengine. Ntandu alisimama nje ya uzio akisikiliza nyundo mpaka mlinzi alipomfukuza.

Sasa anakaa chumba cha uani kwa binamu yake mjini, penye taa za barabarani zinazoifuta mbingu. Alimtumia Gwao ujumbe kwa mtu wa basi akiomba radhi, na maneno yake yalikuwa mengi. Gwao alituma gunia la mtama, bila neno. Lilipokwisha akatuma lingine, bila neno. Hajaja mwenyewe, wala hatakuja. Ntandu anakula mtama ule huku akilia, na anakula wote, kwa kuwa njaa haina haya.

Nanyi mnaonisikiliza, chakula mlichokula asubuhi ya leo kilipita katika mikono ya nani, na jina lake mlilitaja lini mara ya mwisho?